Maziwa ya Saa Nne

Kasongo, Alhamisi, baada ya alasiri

Asumini mwanangu,

Barua huanza kwa kuuliza hali. Sikuulizi. Uko chumba cha pili, nasikia unavyokunja vitenge na kuvisukuma ndani ya mfuko kana kwamba ndivyo vilivyokukosea, na hali yako naijua. Mimi nina hasira. Nimekaa jikoni kwenye kigoda, daftari magotini, mboga ya sombe iko motoni, na nimeamua kuandika sasa hivi hasira ikiwa bado ya moto. Ikipoa nitaanza kukuandikia mambo ya kumfunika mtoto kichwa barabarani na kula vizuri, nawe utasoma mistari miwili uiweke barua chini.

Hayo ya kufunika kichwa siandiki. Wewe ndiye muuguzi. Kuchemsha vyombo unajua, kuhesabu saa unajua, na kila Jumatano unawafundisha wanawake wa mtaa mzima. Ninachotaka kukuambia hakimo katika mafundisho yenu ya Jumatano.

Siku kumi na mbili tunaishi nyumba moja na hatuzungumzi. "Mama, chumvi?" "Iko pale." Hayo si mazungumzo, hata kuku wa uwanjani wanasemezana zaidi. Tulikubaliana ungekwenda Wamaza kwa mume wako Idi baada ya mavuno ya mpunga, Sada akiwa na miezi sita, ameanza kula. Sasa unaondoka kesho asubuhi na Sada ana miezi minne na nusu. Idi umemwambia kwamba kituo cha afya cha kule kinakuhitaji upesi. Mimi hukuniambia kitu, niliisikia safari kutoka kwa mwenye pikipiki. Kinakuhitaji upesi wapi! Unanikimbia, na una haki ya kunikimbia, na hilo ndilo linalonichoma zaidi.

Basi niandike jambo lenyewe kwa mkono wangu, lisibaki la kudhaniwa. Wiki tatu nzima, kila siku ya kazi, saa nne asubuhi, nilichukua kikombe cha maziwa uliyoyakamua kabla ya kwenda kazini, nikatoka nacho nyuma ya nyumba, nikayamwaga maziwa kwenye shina la mgomba. Kisha nikaosha kikombe, nikarudi jikoni, nikamlisha mwanao uji mwepesi wa mahindi kwa kijiko. Saa saba ulipokuja kumnyonyesha uliniuliza, nami nikakuambia ameyanywa yote. Ukasema siku hizi mchana hanyonyi vizuri. Nikakujibu kwamba labda ni joto.

Joto! Mtoto alikuwa ameshiba uji, hata ziwa la mama yake akalisukuma kwa mkono. Wewe ukarudi kazini na maziwa yamekujaa, kifua kinakuuma, blauzi imelowa chini ya koti jeupe, na mimi nilikuona ukitembea umejiinamia na sikusema neno.

Usidhani nilikosea kwa kutoelewa. Nimesoma, nilikuwa mwalimu kabla hujazaliwa. Idi alipoleta kile chombo cha kukamulia kutoka Bukavu, mnachokiita tirelé, ulinieleza vizuri sana. Ulinionyesha faneli linalokaa juu ya ziwa, na mpini wa kubonyeza, na ule ulimi mweupe wa mpira unaozuia maziwa yasirudi. Ukasema tusitumie biberoni, ile chupa ya kunyonyea, kwa sababu ni ngumu kusafisha, tutumie kikombe. Ukaweka kikombe chenye kifuniko ndani ya bakuli la maji, bakuli ukaliweka kando ya mtungi pale pa baridi, ukaniambia, "Mama, saa nne. Usichemshe, usiongeze maji, usiongeze sukari. Tikisa kidogo, umpe." Nikasema ndiyo. Nilisema upesi sana, na wewe ukafurahi, ukaenda zako.

Hukujua kwamba nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia ulipokuwa unakamua. Ulikuwa umekaa kitandani, umeegemea ukuta, unabonyeza mpini, kii-fyu, kii-fyu, na maziwa yanadondoka kwenye chupa. Ulikuwa unaimba kidogo kidogo. Nilikwenda nikakaa kwenye mfuko wa mpunga mpaka ukamaliza.

Nitafika huko. Kwanza ile siku ya hospitali, kwa sababu hiyo tuliiona wote wawili na hakuna aliyeitaja tena.

Sada alikuwa ameharisha tangu alfajiri. Macho yameingia ndani, analia bila machozi. Tulimpeleka mbio, na yule mwenzako kijana aliyekuwa zamu akakuuliza kama anavyouliza kila mtu, "Mutoto anakula nini?" Ukajibu, "Ziwa tu. Na ile yenye nakamula asubui. Hakuna kingine." Ulijibu kwa sauti ya mtu mwenye hakika. Na kabla hujafunga mdomo Sada akatapika juu ya kitenge chako, na kila mtu akauona uji. Ulikuwa mweupe, una chenga za unga.

"Na hii ni nini, Asumini?" mwenzako akasema.

Kitanda cha pili alikuwepo yule mama wa sokoni, uliyemgombeza Jumatano moja mbele ya wenzake kwa kumlisha mtoto wa miezi miwili. Alipiga makofi. "Kumbe na wa muganga iko anakula buyi!" Wakacheka chumba kizima, hata aliyekuwa na mtoto mgonjwa mapajani. Wewe hukuwatazama wao. Ulinitazama mimi. Nami nikainua macho juu kama mtu anayehesabu mabati.

Ukasema, "Sawa, mama."

Maneno mawili! Wakatafuta mshipa wa mtoto mara tatu kwa sindano, analia mpaka sauti imekauka, na wewe umemshika mkono, unawaonyesha mahali pa kuchoma, hunitazami tena. Asumini, ningependa ungenipigia kelele. Ungeniita mwongo mbele ya wale wanawake ningeitikia. Ungenirushia kile kitenge chenye matapishi usoni ningekifua. Lakini sawa, mama? Siku mbili tulikaa na mtoto hospitalini, ukanigawia chakula, ukanipa mkeka nilalie, adabu tupu. Watu husema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wenyewe ndio huu, mfuko umefungwa na pikipiki imeitwa.

Sasa nisikilize. Nitakuambia jambo ambalo marehemu baba yako alikwenda nalo kaburini na mimi nilitaka kwenda nalo langu. Si kwa kujitetea. Ukiona ninajitetea popote katika barua hii, chana ukurasa huo.

Wewe si mtoto wangu wa kwanza. Kabla hatujahamia hapa Kasongo tulikaa Nyangwe, kwa wazazi wa baba yako, na kule watu waliniita Mama Ramazani. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nafundisha darasa la pili. Ramazani alikuwa na miezi saba, mnene, ana vidole vya kushika kila kitu. Asubuhi nilimwacha kwa bibi yako mzaa baba, yule bibi aliyekuwa akikuletea samaki wakavu na kukusuka nywele, uliyempenda, ambaye mimi sikutaka kukuharibia mapenzi yako naye. Amekufa, Mungu amrehemu, lakini mimi sijamaliza naye.

Siku moja shule ilichelewa kutoka, mkaguzi alikuwa amekuja. Matiti yakajaa. Unajua yanavyojaa, mpaka kwapani panauma. Blauzi ikaanza kulowa, na watoto wa darasa la pili hawana huruma, wakaanza kuchekana na kunyoosheana vidole. Wakati wa mapumziko nikaenda nyuma ya darasa, nikafungua vifungo, nikakamua kwa mkono, maziwa yakaanguka chini kwenye mchanga. Ni jambo dogo kuliko kupenga kamasi. Lakini kulikuwa na mama mmoja anapita kwenye njia ya mtoni na ndoo kichwani, akaniona, na kabla mimi sijafika nyumbani habari ilikuwa imefika.

Bibi yako alinisubiri mlangoni. "Ulikamula maziwa ya mutoto inje?"

"Ilikuwa inaniuma, mama."

"Hapa kwetu maziwa haikamuliwe. Ya mwenye kufiwa tu ndiyo inakamuliwa. Weye unaita kifo mu nyumba ya mwanangu."

Sikuijua desturi hiyo. Kwetu haikuwepo. Katika nyumba ile, mwanamke akifiwa na mtoto anayenyonya, siku ya tatu wanawake humtoa nyuma ya nyumba, humkanda kwa kitambaa cha maji ya moto, humkamua mpaka matiti yalegee, na maziwa huyakinga kwenye jani na kuyamwaga penye shina la mgomba, ili tumbo lichipue tena kama mgomba unavyochipua. Ni desturi ya kumsaidia aliyefiwa, wala si mbaya, nimekuja kuona hivyo baadaye. Lakini kwao maziwa kutoka nje ya mdomo wa mtoto kulikuwa na maana moja tu. Na mimi niliyatoa mtoto akiwa mzima.

Siku ya tisa Ramazani akashikwa na homa. Siku ya kumi akaanza kukakamaa. Magharibi tukamzika. Ilikuwa malaria, Asumini. Wewe ungeitambua ukiwa bado mlangoni, ungempa dawa, angekuwa sasa mtu mzima wa kukubebea huo mfuko. Malaria, mbu, kitu ambacho mimi mwenyewe nilikuwa nawachorea watoto ubaoni! Lakini hakuna aliyesema malaria. Siku ya tatu walinitoa nyuma ya nyumba, wanawake watatu. Wawili walinishika mabega na bibi yako akakamua. Mikono yake ilikuwa na nguvu na haikuwa na haraka. Maziwa yalikuwa bado mengi, yalitoka kwa kurusha, na kila yaliporuka nilimsikia Ramazani analia. Alipomaliza alijifuta kwenye kanga yake, akaniambia bila ukali wowote, kama anayemsahihisha mtoto daftari lake, "Unaona? Uliianza weye mwenyewe."

Baba yako alikuwa amesimama mlangoni. Nilimtazama aseme neno. Akasema, "Hiyo mambo ya wamama, miye siingilii." Alikuwa mtu mwema, wewe unamkumbuka kwa wema, na alikuwa mwema kweli. Lakini siku ile alikuwa na mdomo na hakuutumia, na nimeishi naye miaka yote nikimpikia huku sijamsamehe.

Niliamini. Hilo ndilo kosa langu, hayo mengine yote ni matawi. Mwalimu mzima, niliamini kwamba nimemuua mwanangu kwa kufungua vifungo vya blauzi. Nikaacha chaki. Wewe ulipozaliwa, hapa Kasongo, ambako hakuna aliyenijua kwa jina la Mama Ramazani, nilikubeba mgongoni miaka miwili, shambani, sokoni, msibani, chooni. Tone halikuanguka. Ukiwa umelala na mimi nimejaa, nilikuamsha unyonye kwa lazima. Watu wakasema, huyu mama anampenda binti yake! Ilikuwa hofu, mwanangu. Mapenzi yalikuwepo pia, lakini aliyekuwa anafanya kazi ni hofu.

Halafu Idi anafika na boksi lake, anacheka, anasema ni zawadi. Mashine ya kukamulia. Mnaniwekea jikoni kwangu, kando ya mtungi wangu, kila asubuhi, kikombe cha maziwa ya mtoto aliye hai. Na mimi ndiye nimnyweshe.

Siku ya kwanza nilikishika kikombe hicho mpaka saa tano. Nilijaribu. Nilikisogeza mpaka kwenye mdomo wa Sada, akageuka, nikaona sura ya Ramazani, nikatoka nje mbio. Kwenye mgomba sikupachagua, miguu ndiyo iliyonipeleka. Siku ya pili haikuwa ngumu kama ya kwanza, na siku ya tano nilikuwa namwaga huku nawaza mboga ya mchana. Mambo haya unapaswa kuyajua kuhusu mama yako. Uwongo wa kwanza ulinitetemesha, wa kumi niliutoa nikiwa napepeta mchele.

Watu husema mwenye kovu usidhani kapoa. Ni kweli. Lakini na mwenye kovu ana wajibu wa kusema, hapa usiniguse, panauma. Mimi nilikaa na kovu langu kimya, nikaacha mtoto wako alilipie. Ningekuambia siku ile boksi lilipofunguliwa, "Asumini, siwezi, tafuta mtu mwingine," ungekasirika kidogo, ungemtafuta mtu, kwisha. Niliona aibu kukuambia ninaogopa kikombe.

Na wewe pia usijione umepona, nina maneno yako.

Mimi ni mama yako, na nilikuwa na miaka ya kuogopa kabla yako, lakini wewe siku ile ulinipa kikombe na saa. Kikombe na saa! Usichemshe, usiongeze, tikisa. Hukuniuliza, "Mama, unaionaje hii?" Kila Jumatano unasimama mbele ya wanawake na picha zako za karatasi, unawaambia msitoe uji, msitoe maji, wanaitikia ndiyo kwa pamoja, unaandika kwamba wameelewa. Yule mama wa sokoni uliyemgombeza, ulimuuliza kwa nini? Je, kama na yeye alimzika mmoja akiwa na ziwa tupu mdomoni, akaapa kwamba wa pili hatakufa na njaa? Hujui. Hata mimi sijui. Lakini nakuambia kicheko chake hospitalini hakikutoka hewani.

Nina hasira vilevile na mkubwa wenu wa kazi, aliyekukatalia pa kukamulia mpaka ukawa unajifungia stoo kati ya maboksi ya sabuni, mlango umeuegemea kwa mguu, akisema nje kwa sauti kwamba wanawake wa siku hizi wamegeuka ng'ombe wa maziwa. Uliniambia hayo ukicheka. Hayachekeshi. Ungeufungua ule mlango na chupa mkononi ukamwambia hiki ndicho chakula cha mwanangu, ingekuwa yeye wa kutazama chini. Ulinyamaza kwa sababu ni mkubwa. Baba yako alinyamaza kwa sababu ni mambo ya wamama. Mimi nilinyamaza Nyangwe kwa sababu alikuwa mama mkwe, na nikanyamaza hapa kwa aibu, na wewe ukaninyamazia mimi kwa adabu. Kila mtu katika ukoo huu ana heshima yake nzuri, na heshima zote hizo karibu zituzikie Sada.

Leo mchana nilikwenda kwa Mama Feza. Najua kwamba tangu tutoke hospitali unampelekea yeye mtoto na kikombe, unapita mbele ya mlango wangu mwenyewe, Sada mgongoni, unasema "Shikamoo, mama," unaendelea. Siku za kwanza nilimchukia. Mkaanga mikate ya mafuta, ana watoto wake watano wa kumpotezea akili, ndiye anaaminiwa, na mimi mwenye damu yangu nabaki na ufagio. Leo nikasema basi, kesho wanaondoka, siwezi kukaa. Nikavaa vizuri, nikaenda, nikamwambia anipe mjukuu wangu nimnyweshe mimi.

Alikuwa na unga mikononi. Akasimama mlangoni hasa, upana wote.

"Mama Asumini, unisamehe. Asumini aliniambia, mama asimupatie kitu."

"Iko mujukuu wangu ile!"

"Najua iko mujukuu wako. Hata miye najisikia mubaya. Lakini nilimwitikia Asumini, siwezi kumudanganya."

Nikamtukana. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika, mengine kwa lugha ya Kizimba, nikitumaini hayaelewi, kumbe anayaelewa. Akangoja nimalize. Halafu akasogea, akasema, "Karibu, ikala hapa. Umwangalie."

Nikakaa. Sijui kwa nini nilikaa, nilikuwa nimeshageuka niondoke. Akanawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, polepole, mpaka nikataka kumpigia kelele afanye haraka. Akafunua kikombe. Mafuta yalikuwa yamepanda juu, akakizungusha kidogo yakachanganyika. Akamkalisha Sada pajani, wima, akaegesha ukingo wa kikombe kwenye mdomo wa chini. Sada akatoa ulimi akalamba. Akaonja. Kisha akashika kidole gumba cha Mama Feza kwa mikono yote miwili na akaanza kunywa, anavuta, anapumzika, anavuta, macho yamenikodolea mimi. Kikombe kikaisha. Akacheua. Akacheka na ufizi wake wote.

Ndiyo hiyo tu, Asumini. Mtoto alikunywa maziwa ya mama yake akacheua. Hicho ndicho kitu nilichokikimbia tangu nikiwa na miaka kumi na tisa, ambacho kwa ajili yake niliacha kazi niliyoipenda, nikachukia watu wawili waliokufa, nikamdanganya binti yangu wiki tatu na nikamtia mjukuu wangu sindano mkononi. Hakuna kilichotokea. Kuku waliendelea kudonoa unga chini ya meza. Nililia pale kwa Mama Feza mpaka akaacha mikate ikaungua, na usifikiri ni huzuni, ni hasira. Nilikuwa nataka kuichimba Nyangwe yote.

Nimerudi nikachukua daftari.

Sasa unakwenda Wamaza, kwa mama yake Idi. Kituo kiko mbali na nyumbani kwake, uliniambia mwenyewe zamani tulipokuwa bado tunaongea, mwendo wa saa nzima kwa miguu, kwa hiyo huwezi kurudi saa saba. Vitakuwa vikombe viwili, si kimoja, na atakayevishika ni yeye. Ni mama mwema, nilimwona siku ya harusi, anacheka kwa sauti, na Kiswahili anakichanganya na Kibangubangu hata nusu hukuelewa. Usimpe kikombe na saa. Siku ya kwanza usilifungue boksi kabisa. Kaa naye mkichambua maharage, muulize kwao maziwa hukamuliwa lini. Muulize amezaa wangapi, na amezika wangapi, na waliozikwa walisemwa wamekufa na nini, na nani alilaumiwa. Usiogope kuuliza. Mimi ningetoa mkono wangu mmoja mtu aniulize hivyo. Akikujibu, mweleze na ya kwangu, ya Ramazani, nakupa ruhusa, taja na jina.

Na akikwambia ndiyo upesi upesi, usifurahi. Kumbuka nani mwingine alikwambia ndiyo upesi.

Siku utakayoona chembe ya unga kwenye mdomo wa mtoto, piga kelele siku hiyohiyo. Piga mbele ya Idi, mbele ya majirani, mbele ya wageni wakiwepo. Watasema umelelewa vibaya. Waambie wanitafute mimi, nitawajibu. Mama mkwe aliyekasirika atakununia mwezi mzima halafu atataka mjukuu wake, mtaongea. Usingoje mpaka mtoto atapike ushahidi.

Idi naye mwambie asiseme ni mambo ya wamama. Akisema hivyo, mrudishe kwangu mara moja, nina maneno niliyomwekea baba yako na hayajapata wa kuyapokea.

Samahani nimeiacha mpaka hapa kwa sababu sijui kuiomba vizuri. Nilimwaga chakula cha mwanao na nikakutazama machoni. Samahani. Siombi useme yamekwisha. Maji yakimwagika hayazoleki, na maziwa pia.

Naomba jambo moja tu. Pikipiki itafika saa moja. Matiti yako yamezoea kujaa kabla ya hapo, najua, na utakamua kama kila siku, safari au si safari. Usimpelekee Mama Feza. Nipe mimi. Simama karibu, uwe na saa mkononi, uwe na fimbo ukitaka, unitazame kuanzia tone la kwanza mpaka la mwisho. Nikitetemeka, acha nitetemeke, usininyang'anye kikombe. Na kama huwezi, kama ukitazama mikono hii bado unaiona ni ya mtu aliyekudanganya, basi nikatalie. Lakini nikatalie kwa kinywa, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, uniambie kwamba huniamini na mtoto wako. Nitaumia, na ni afadhali niumie wewe ukisema kuliko uondoke na adabu yako.

Kuanzia saa kumi na mbili nitakuwa nimekaa hapa jikoni, mikono nimekwisha nawa.

Mama yako